Pijo ya Ukoo

Nimekua nikiambiwa kwamba Pijo haifi. Walisema hivyo makonda wa Rangi Tatu, walisema mafundi wa gereji bubu za Zakhem, na baba mkubwa wangu alisema hivyo kila alipofunga boneti la 504 yake kwa kofi la kiganja. Sikuwa na sababu ya kubisha. Ushahidi ulikuwa umepakiwa uani petu, Mbagala Misheni: stesheni wagoni ya mwaka 1979, rangi ya krimu iliyochujuka kwa jua, iliyozaliwa kabla yangu na bado inakwenda Ikwiriri na kurudi.

Siku hizi kauli ile inanitatiza. Pijo zilikufa, tena nyingi, na mizoga yake ilijaa nyuma ya yadi za mashirika na wizara. Zilizobaki barabarani zilibaki kwa kuwa hatukuwa na njia ya kupata gari jingine, na asiye na njia ya kupata kingine hujifunza mambo ambayo mwenye nacho hana haja ya kuyajua.

Pijo hiyo, yaani Peugeot 504, ilitoka mwishoni mwa mwaka 1968, imechelewa kidogo kwa sababu ya migomo ya Mei iliyoitikisa Ufaransa mwaka ule. Mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari Bora la Mwaka la Ulaya. Umbo lake lilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia, na ukilitazama lile la saluni unaona walivyothubutu: taa za mbele za pembe pembe, buti limeinama ghafla kama mtu aliyeitwa na mkwe wake. Sisi hatukuwa na hilo la saluni. Letu lilikuwa lile refu la kubebea, ndugu wa toleo walilolipa jina la Familiale kwa sababu lilikuwa na safu tatu za viti. Kinondoni na Oysterbay saluni ziliendeshwa na wakurugenzi. Mbagala tulilijua gari kwa nafasi yake ya nyuma.

Heshima ya jina la Peugeot nchini ilitangulia 504. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, mbio za East African Safari zilishindwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania aliyetoka Uskochi, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Enzi zile Safari ilikuwa mali ya nchi zote tatu, na magari yalipita kwenye barabara zetu yamepakwa matope hadi madirishani. Baba mkubwa alidai aliiona 404 hiyo kwa macho yake. Umri wake ulimruhusu kuiona, ila mahali alipoiona palihamahama: mara Chalinze, mara Morogoro, na siku moja akiwa na wageni palifika hadi Dodoma. Baadaye 504 nayo ikashinda, mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson na mwaka 1978 na Jean-Pierre Nicolas, lakini wakati huo Safari ilikuwa ya Kenya peke yake. Kwetu sifa zilifika kwa redio.

Mataifa mengine nayo yana magari yao ya nyumbani. Waaustralia walikuwa na Holden, lililozinduliwa na Waziri Mkuu wao Ben Chifley mwezi Novemba 1948, na kiwanda chake cha Elizabeth kilipofungwa Oktoba 2017 habari ziliandikwa kwa lugha ya msiba. Peugeot wenyewe wana kumbukumbu yao huko: 203 ndiyo iliyoshinda mashindano ya Redex ya kuizunguka Australia mwaka 1953, mwaka uleule Safari ilipoanza Afrika Mashariki. Barabara za vumbi zina tabia ya kuchagua magari yanayofanana. Lakini Waaustralia walililia gari walilolitengeneza kwa mikono yao, mishahara ya kiwandani mle imesomesha watoto wao. Pijo yetu ilitufikia kwa mnada.

Kabla ya mnada ilikuwa na namba za SU, yaani ya shirika la umma. Katika miaka ya 1970 mtu wa kawaida hakwenda tu kununua gari. Uingizaji ulikuwa mikononi mwa State Motor Corporation, fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu, na gari likipatikana lilikwenda kwanza kwa serikali na mashirika yake. Baba mkubwa alikuwa dereva wa shirika moja lililokuwa na ghala Chang'ombe, na katika maisha yake hakuna cheo alichokitaja kwa fahari kama kile. Alitusimulia jinsi alivyopita Jumapili jioni kwenye barabara tupu, wakati amri ya kubana mafuta ilikataza magari binafsi kutembea kuanzia saa nane mchana. "Wenye magari yao wamekaa vibarazani, mimi nisiye hata na baiskeli napita," alisema, na kila mara alicheka mwenyewe kabla hatujaanza kucheka sisi.

Alichokificha kwenye kicheko ni taabu ya spea. Peugeot 504 ziliunganishwa Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, mwendo wa siku moja tu kutoka Dar kwa njia ya Tanga. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Katikati ya miaka hiyo ikaja vita ya Kagera, ikamaliza hata kile kidogo kilichokuwapo hazina. Kiwanda kiko hapo jirani, na bushi ya Pijo inangojewa kutoka Ulaya kwa meli, ikiwa kuna aliyepewa kibali cha kuiagiza. Ndipo madereva na makanika wa mashirika walipoanza kukata bushi kutoka kwenye tairi kuukuu. Nimezishika bushi za namna hiyo, zilizokatwa kwa kisu na kutobolewa kwa msumari wa moto. Hazikuwa nzuri. Zilidumu miezi michache, na makanika aliyezikata alijua kabisa kwamba atazikata tena.

Mwaka 1992 iliundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, na lile shirika la Chang'ombe likawa miongoni mwa yaliyofungwa milango. Baba mkubwa akapewa mkono wa kwaheri na mafao ambayo hayakutosha kuezeka nyumba. Siku ya mnada wa mali za shirika alikwenda akarudi, akaita kikao cha ukoo. Pijo aliyoiendesha miaka yote ile ilikuwa inauzwa, na yeye peke yake hawezi.

Ilichangwa. Baba yangu alitoa akiba ya duka, mjomba akatoa fedha ya korosho, na shangazi, mkubwa wa wote kwa fedha ingawa si kwa umri, akauza kiwanja chake cha Kingugi. Mchango wake ulipita wa mwingine yeyote, na hakuruhusu jambo hilo lisahaulike. "Injini ni yangu," alikuwa akisema. "Nyie mna bodi na matairi." Alisema kwa utani, nasi tulilipokea kwa utani, lakini gari lilipokwenda popote bila yeye kuambiwa utani uliisha.

Mbagala ya wakati ule ilikuwa mbali kuliko kilomita zake. Minazi na mikorosho bado ilisimama kwenye viwanja ambavyo leo vina nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta. Mabasi ya UDA yalikuwa yameshachoka, daladala zilizoruhusiwa mwaka 1983 zilipenda njia za mjini, na sisi wa Barabara ya Kilwa tulipanda chai maharage, yale malori madogo yenye mabenchi mawili abiria wakitazamana uso kwa uso, magoti yanagongana kila shimo. Usiku hata hayo hayakuwapo. Kwa hiyo baada ya saa tatu usiku, mtaa mzima uliokuwa na shida ulikuwa na mlango mmoja wa kubisha.

Walibisha. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu apelekwe Temeke, mtoto mwenye degedege, kijana aliyepigwa. Siti ya nyuma ikilazwa palitosha mgonjwa na wawili wa kumshika. Ilibeba pia wasioamka: maiti alilazwa nyuma, amefunikwa khanga, na waliobaki wakafuata kwa chai maharage. Siku ya pili gari lileile lilioshwa kwa sabuni ya unga, likafungwa vitambaa, likabeba bibi harusi wa Charambe. Sikumbuki mtu yeyote kuona ajabu.

Hapo nilijifunza jambo ambalo sijalisoma kwenye kitabu chochote cha uchumi: mwenye gari mahali pasipo na gari ananunua shida za watu wote. Utaratibu ulikuwa mtu achangie mafuta. Ilitokea mara nyingi kwamba mgonjwa ni wa kufikishwa sasa na mafuta ni ya kuchangwa kesho, na kesho hiyo ikapita. Baba mkubwa aliandika kwenye daftari la shule. Shangazi alilisoma daftari, akasonya. Hakuna aliyewahi kudaiwa kwa daftari lile, lakini kuwapo kwake kulimtuliza mwandishi.

Mwisho wa mwaka safari ilikuwa ya Ikwiriri, kwa babu. Kutoka Kongowe kwenda Mkuranga na Kibiti, na mbele zaidi, kulikuwa na mchanga na matope ya kuchagua kutegemea mwezi. Ndipo gari lilipoonyesha kile wahandisi wa Sochaux walichofikiri. Stesheni wagoni ilikuwa na ekseli nzima nyuma, imekaliwa na springi nne, mbili kila upande, laini na ndefu. Ukiijaza watu, magunia ya mchele na mikungu ya ndizi kwenye keria, ilishuka ikatulia, wala haikurukaruka. Waliokuwa na misiba ng'ambo ya Rufiji waliendelea hadi kivuko cha Ndundu, ambako foleni ingeweza kuwalaza. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Pijo yetu ililivuka ikiwa mzee tayari, na baba mkubwa akapunguza mwendo katikati ili alitazame maji kwa juu.

Kuhusu gari kuchemsha, nitakaa kidogo, maana humo ndimo ilimo siri ya hilo linaloitwa kutokufa. Feni ya Pijo haizunguki wakati wote. Ina klachi ya sumaku ya umeme: maji ya rejeta yakipata moto swichi inashika na feni inazunguka, yakipoa inaachia, ili injini isibebe mzigo bure. Kwa baridi ya Ufaransa ni akili nzuri. Kwa foleni ya Mtoni kwa Aziz Ali saa nane mchana, swichi ikifa huna taarifa mpaka mvuke uuone kwenye kioo. Silinda hedi yake ni ya aluminiamu, ikichemka inapinda, gasketi inaungua. Fundi wetu, mtu mkimya aliyefanyia kazi chini ya mwembe karibu na kanisa, alilitatua mara moja: alizikaza skrubu za ile feni mpaka ikashikana moja kwa moja, izunguke daima, sumaku ipende isipende. Wenyewe Peugeot waliacha nafasi hiyo kwa dharura. Yeye aliifanya hali ya kudumu, akasema, "Dar yote ni dharura, mzee."

Nilimwona pia akifungua injini yote. Silinda za 504 hazikuchongwa ndani ya bloku. Ni slivu za chuma zinazochomekwa, na maji ya kupoza yanazizunguka kwa nje. Zikiliwa hupeleki bloku kwenye mashine ya kuchonga. Unazing'oa, unachomeka mpya pamoja na pistoni zake, unafunga. Ugumu uko kwenye kimo. Kila slivu lazima isimame juu ya uso wa bloku kwa kiasi kile kile kidogo sana, na chini yake ina sili zinazopangwa ili kufikia kimo hicho. Ikizama, gasketi haitaibana, maji yataingia kwenye oili na oili itageuka nyeupe. Kifaa cha kupimia hakuwa nacho. Alikuwa na rula ya chuma na ukucha wa kidole gumba. Aliutelezesha ukucha kutoka kwenye bloku kwenda kwenye slivu, akafumba macho, akang'oa slivu, akabadilisha sili, akarudia. Pistoni zilikuwa zimepangwa juu ya jamvi, kila moja na namba yake kwa chaki, na mimi kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kuku.

Mchana kutwa alipima slivu ya tatu. Baba mkubwa, ambaye subira yake ilikuwa fupi kwa kila kitu isipokuwa gari, alikaa kwenye gogo hakusema neno.

Nikiwatazama wale wawili leo kwa fikra, naona kwamba uimara tuliousifia uligawanyika. Sehemu ilitoka Ufaransa: injini iliyobuniwa ifunguke na ifungwe. Sehemu kubwa zaidi ilitoka chini ya mwembe. Huko Kaduna, Nigeria, walikoendelea kuunganisha 504 hata baada ya Wafaransa kuacha kuitengeneza saluni yake mwaka 1983, nina hakika kuna ukucha kama ule.

Sitaki kudanganya kwamba natamani kurudi huko. Pijo ilikunywa mafuta. Kutu ya pwani iliila kuanzia chini ya milango, ikazibwa kwa bati la debe na rangi ya brashi. Gia ya usukani ililegea mpaka kuingiza namba mbili kukawa ujuzi wa mtu mmoja, na hilo baba mkubwa hakulichukia hata kidogo. Serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa mwaka 1984 kwa wenye fedha zao za kigeni, na magari yaliyotumika ya Japani yakaja kufurika miaka iliyofuata, watu hawakuziacha Pijo kwa sababu ya kukosa shukrani. Corolla ilikuwa na kiyoyozi, inawaka asubuhi, na spea zake ziko Gerezani na Mtaa wa Shaurimoyo, unaingia duka hili unatokea lile.

Kuna kilichopotea, na kinaonekana binamu yangu anapoharibikiwa. Ana IST, gari zuri. Taa ya dashibodi ikawaka, akaenda kwa fundi, mtoto wa fundi yule yule wa mwembe, ambaye sasa ana kontena la bati na kompyuta ndogo ya kusoma hitilafu. Kompyuta ikasema, fundi akasema: badilisha injini, nyingine ipo, imekatwa Japani ikaja nzima. Siku mbili imemalizika. Hakuna aliyefungua kitu, hakuna aliyekaa kwenye gogo, na ukoo uliambiwa habari hiyo kwenye kundi la WhatsApp kwa picha ya risiti. Wachache wakaweka alama ya pole. Kila mtu sasa ana gari lake au anapanda bajaji, na anayebishiwa mlango usiku ni dereva wa bajaji, ambaye hulipwa papo hapo. Ni haki zaidi kuliko daftari la baba mkubwa. Ila mara ya mwisho nilipowaona ndugu wote wameinama juu ya kitu kimoja, kitu hicho kilikuwa boneti.

Pijo ilisimama baba mkubwa alipoanza kuugua, miaka michache baada ya daraja. Iliwekwa juu ya matofali. Mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, yakaua zaidi ya watu 20, sisi tulikimbia kwa miguu tukiwa tumebeba watoto, na gari lililopeleka nusu ya mtaa hospitali lilibaki uani na vioo vyake vikaporomoka. Baba mkubwa alikataa kuondoka mpaka alipobebwa. Alipofariki mwaka uliofuata, alipelekwa Ikwiriri kwa Coaster ya kukodi.

Baada ya arobaini akaja mteja kutoka Kibiti, amesikia kuna Pijo. Alizunguka gari lote, akapiga bodi kwa kidole, kutu ikadondoka. Akafungua boneti, akatumbukiza kijiti cha oili, akakitazama kwa makini, akakifuta. Alitaka injini tu, aifunge kwenye pampu ya kumwagilia shamba bondeni. Bodi, alisema, tubaki nayo, hata bure hachukui, kuibeba tu ni gharama.

Wajomba na kina baba walianza kuhesabu mgawo. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, hakuinua uso.

"Bei hiyo ya injini mnanipa mimi," alisema. "Nyie bodi yenu hiyo hapo."

Kina baba wakatazamana. Daftari lilitolewa sandukuni, wakalipekua ukurasa kwa ukurasa wakitafuta michango ya mwaka ule wa mnada. Walikuta majina ya nusu ya Mbagala, lita za mafuta, wajawazito, na deni la mtu aliyekuwa amekaa palepale uani akinywa chai yetu.